Mada ipi kwa JzU muhula huu: KKK, maswali ya darasani, nidhamu, vishikwambi au Kiingereza?

Shule ikifunguliwa, mwalimu mkuu huniuliza swali lile lile: safari hii JzU itafanya nini? JzU ni Jumuiya ya Ujifunzaji, kikao cha walimu kujifunza pamoja shuleni, na kwenye shule ya msingi ya kawaida hupata saa moja na nusu kwa wiki, tena alasiri, walimu wameshatoka kwenye vipindi sita na koo zimekauka kwa vumbi la chaki. Ukitoa wiki ya kufungua, mitihani ya katikati na ya kufunga, zinabaki kama wiki nane za kazi. Hizo ni saa 12. Ukizigawa kwa mada tano, hakuna hata moja itakayovuka mlango wa ofisi ya walimu kuingia darasani. Lazima uchague moja, na zile nyingine uziache kwa moyo mweupe.

Nimekuwa nikiratibu vikao hivi tangu MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yalipofika kwenye kata yetu. Tupo walimu 11 kwa watoto zaidi ya 700. Nimewahi kuchagua mada kwa sababu ilikuwa kwenye barua kutoka halmashauri, nimewahi kuchagua kwa sababu mwezeshaji alikuwa anapatikana, na nimewahi kuchagua kwa kura ya kunyoosha mikono. Njia zote tatu zilinipa mahudhurio mazuri na madaftari yale yale ya watoto. Siku hizi naanzia kwenye madaftari. Nachukua kumi ya darasa la tatu na kumi ya darasa la tano, bila kuchagua ya wenye akili, nayatandaza mezani, tunayasoma pamoja kabla mtu hajataja mada yoyote. Kila mada naipima kwa swali moja: baada ya wiki sita, nikifungua madaftari haya tena, nitaona nini kilichobadilika?

Kwa kipimo hicho, mada tano ambazo walimu huzitaja zaidi hazilingani hata kidogo.

KKK

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi. "Tulishasoma hiyo," walimu husema. Ni kweli kwamba mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliwekwa upya mwaka 2015 ukajikita kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wengi wa madarasa hayo walipitishwa kwenye mafunzo. Lakini hesabu wangapi kati yao bado wako darasa la kwanza shuleni kwenu leo. Kuna waliohama, waliostaafu, na waliopandishwa kufundisha la saba kwa sababu walionekana hodari. Aliyesimama mbele ya watoto 118 wa darasa la kwanza asubuhi ya leo huenda mwaka 2015 alikuwa bado kidato cha pili.

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la pili. Msichana wa dawati la tatu alisimama akasoma ukurasa mzima kuhusu kuku, kidole kikitembea chini ya maneno, bila kukwama. Mwalimu wake alifurahi, na mimi nilifurahi. Halafu nikafunika picha kwa kiganja, nikaweka kidole changu kwenye neno moja la mstari wa tatu: mayai. Akanyamaza. Akaangalia mkono wangu, pale picha ilipokuwa. Kisha akarudi mwanzo wa mstari akaanza kushuka polepole, "kuku… wa… mama… ametaga…", mpaka akafika. Ukurasa alikuwa ameubeba wote kichwani. Nikaandika ubaoni neno ambalo halikuwa kitabuni, maua, akaniangalia tu. Msichana yule ana akili sana. Kukariri ukurasa mzima si jambo dogo. Ila hakuna aliyemfundisha kusoma.

Kwenye kikao tuligundua sababu moja, na ilitoka midomoni mwetu wenyewe. Tulimwomba kila mwalimu atamke sauti ya herufi b. Wengi walisema "be". Wengine walisema "bu". Sasa mtoto akiambiwa aunganishe "bu" na "a", anachosikia ni "bua", na yuko sahihi kabisa. Sauti inatakiwa iwe fupi, midomo ifunge na kuachia, bila irabu kung'ang'ania nyuma yake. Tulifanya zoezi hilo kwa m, s, k na d mpaka watu wazima wakaacha kuona aibu. Kikao kilichofuata kilikuwa cha silabi nzito: mbwa, nywele, ngwena, na ile tofauti ya ng'ombe na ngoma ambayo watoto huisikia vizuri masikioni lakini huikosa kwenye maandishi kwa sababu hakuna aliyewaonyesha ile alama ndogo ya juu inafanya kazi gani.

Mada hii inalipa haraka kwa sababu Kiswahili chenyewe kinasaidia. Irabu ni tano, na kila moja inabaki na sauti yake popote inapokaa. Mtoto akishaishika ba, ataikuta ile ile kwenye baba, bakuli, kabati na kibanda. Mwalimu akirekebisha namna ya kuunganisha sauti, utaona tofauti ndani ya mwezi, na hakuna mada nyingine kwenye orodha hii inayoweza kuahidi hivyo.

Kuipima pia ni rahisi. Tafiti za Uwezo, zilizoanza Tanzania mwaka 2010, ziliwapitisha watoto kwenye ngazi: silabi, maneno, aya, hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwalimu anaweza kutengeneza ngazi kama hizo kwenye karatasi moja, kwa maneno yake mwenyewe ambayo hayamo kitabuni, na kumpima mtoto mmoja kwa dakika mbili. Ukipima mwanzo wa muhula na mwisho wake, una jibu ambalo hata Afisa Elimu Kata ataliheshimu.

Udhaifu wake ni mmoja, nao si mdogo: walimu wa madarasa ya juu huona haiwahusu. Kati ya walimu 11, wanaofundisha awali, la kwanza na la pili ni watatu au wanne. Waliobaki watakaa na kusahihisha kazi zao wakati mwenzao anaonyesha silabi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuwapa karatasi ile ya ngazi wakapime watoto wao wenyewe wa darasa la tano. Mwalimu wa sayansi aliyerudi na kusema "nina watoto tisa hawasomi aya" hakuhitaji tena kushawishiwa.

Maswali ya darasani

Hisabati, darasa la tatu, kutoa kwa kukopa. Mwalimu amefanya mifano mitatu ubaoni, safi kabisa. Anageuka: "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyooo, mwalimu!" Anatoa zoezi. Nilipofungua madaftari baadaye, kwenye 52 − 27 karibu nusu ya watoto walikuwa wameandika 35. Unaona walichofanya: kwenye mamoja, 2 haitoshi kutoa 7, basi wakageuza, wakatoa 2 kwenye 7 wakapata 5, kwenye makumi, 5 kutoa 2 ni 3. Jibu la kila mmoja lilikuwa na mantiki ile ile, na mwalimu alilipata siku mbili baadaye, wakati wa kusahihisha, kipindi kikiwa kimeshapita na mada imeshasonga.

Mada ya maswali inashughulikia hizo siku mbili. Mwalimu anajifunza kuona kosa ndani ya kipindi, watoto wakiwa bado wameshika penseli. Mbinu zake hazina gharama. Badala ya "mmeelewa", andika swali moja ubaoni, kila mtoto aandike jibu kwa tarakimu kubwa kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, kisha ukisema "juu" wote wainue. Macho yako yanapita juu ya darasa kwa nusu dakika. Ukiziona 35 nyingi, unajua la kufanya kabla hujatoa zoezi. Hata kwenye darasa la watoto 90 inawezekana, nimeona ikifanyika.

Mbinu nyingine ni kusubiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Walimu walipofikisha sekunde tatu na zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Tulijaribu wenyewe kwa saa ya simu. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu mno. Mkono unakuwasha umwite yule yule wa mbele anayejua kila kitu. Mwenzangu mmoja alianza kuhesabu kwa vidole vyake nyuma ya mgongo, moja, mbili, tatu, ndipo anataja jina. Watoto hawakujua anafanya nini. Walichojua ni kwamba sasa mtu yeyote anaweza kuitwa.

Ukubwa wa mada hii ni kwamba inamgusa kila mwalimu, kuanzia awali mpaka la saba, na kila somo, kuanzia Uraia mpaka Hisabati. Tena mwenzako anaweza kukaa nyuma na kuona kama umeifanya au hukuifanya. Hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Bruce Joyce na Beverly Showers, waliochunguza mafunzo ya walimu huko Marekani miaka ya 1980, walionyesha kwamba mafunzo yanayoishia kwenye maelezo ni nadra kufika darasani; yanafika pale mwalimu anapojaribu mwenyewe na mwenzake akafuatana naye. Mada isiyoweza kuonwa na mwenzako aliyekaa dawati la nyuma ni ngumu kuifuatilia, hata iwe nzuri namna gani kwenye karatasi.

Hatari yake ni kugeuka jina tu. Nimeshaona "mbinu shirikishi" ikawa watoto wanane kwenye duara, mmoja anaandika kwenye manila, saba wanamwangalia. Ukichagua mada hii, ibane. Mbinu mbili kwa muhula mzima, basi.

Nidhamu na madarasa makubwa

Hapa nasema wazi ninachoamini. Walimu wanapoomba mada ya nidhamu, mara nyingi wanaomba msaada wa kitu kingine: watoto 100 kwenye chumba cha watoto 45, madawati hayatoshi, kelele haikatiki. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto wengi wamepata shule, na hilo ni jambo la heri kubwa, lakini mzigo wake uko mabegani mwa mwalimu. Kumwita huyu mwalimu kwenye kikao ukamhubiria upole bila kumpa njia ni kumwonea.

Kikao kimoja cha sheria ni lazima kwa kila shule. Kanuni za Tanzania Bara za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Waulize walimu wachanga wangapi wamewahi kuzisoma. Fimbo inayotembea mkononi mwa kila mwalimu kutoka kipindi hadi kipindi haimo kwenye kanuni hizo, na kwa majirani zetu Kenya viboko shuleni viliondolewa kabisa mwaka 2001. Zaidi ya sheria, kuna jambo la kujifunza lenyewe: mtoto anayechapwa kwa kukosa jibu hujifunza kutonyoosha kidole tena. Ukichagua mada ya maswali bila kugusa fimbo, umejenga nyumba juu ya mchanga.

Baada ya kikao hicho, siichukui nidhamu kama mada ya muhula mzima isipokuwa shule ina hali mbaya kweli. Nikilazimika, naibana iwe "dakika kumi za mwanzo wa kipindi": watoto wanaingiaje, madaftari yanagawiwaje, nani anafuta ubao, kazi gani ipo ubaoni tayari wakati mwalimu anaita majina. Kwenye darasa kubwa, dakika hizo kumi ndizo zinazopotea kila siku, na zikiokolewa kelele inapungua yenyewe.

Vishikwambi na TEHAMA

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Tangu hapo mada hii imekuwa ya kwanza kwenye kila kura ya kunyoosha mikono. Naelewa kwa nini. Ni kitu kipya, kiko mkononi, na mwalimu asiyekijua anaona haya mbele ya mwenzake kijana.

Lakini kwa kipimo cha madaftari, mada hii inashindwa ikisimama peke yake. Saa 12 za kufungua programu, kutengeneza jedwali na kutuma faili hazimfikii mtoto wa darasa la tatu anayeandika 35. Vikao viwili vinatosha: kimoja cha kuingia kwenye moduli za MEWAKA na maktaba mtandao ya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, kupakua pale penye mtandao na kusoma baadaye bila bando, cha pili cha kurekodi video. Hicho cha pili ndicho chenye faida kubwa. Mwalimu anarekodiwa dakika tano tu za kipindi chake, kwa hiari yake, kisha anaitazama na mwenzake mmoja anayemwamini. Hapo kishikwambi kinakuwa chombo cha mada nyingine, na hapo ndipo kinapofaa.

Kama shule yenu ina umeme wa uhakika na chumba cha kompyuta, hesabu zinabadilika. Nyingi hazina.

Kiingereza

Mada hii inategemea uko shule gani, kuliko zote.

Kwenye shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, saa 12 hazitampa mwalimu lugha. Lugha inahitaji miaka ya kusoma na kusema, na mwalimu anayeogopa kukosea mbele ya wenzake hatafunguka kwa vikao vinane. Nimeona kikao cha Kiingereza kikiwa kimya kuliko mazishi. Ukiichagua kwa shule ya msingi, fanya kitu kidogo na cha uhakika: maagizo ishirini ya darasani ambayo walimu wote wa Kiingereza watayatumia kwa namna moja, na matamshi yake. Ipe mwaka mzima, nusu saa kila wiki, pembeni ya mada kuu.

Kwenye sekondari mambo ni tofauti kabisa. Mtoto ametoka darasa la saba akijifunza kila kitu kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mwalimu mwenzangu wa Baiolojia alinionyesha karatasi ya mtihani: mtoto amenakili swali zima kama jibu, kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Alipomwita na kumuuliza kwa Kiswahili maji hupandaje kutoka mizizini mpaka kwenye majani, mtoto alieleza mpaka akachora. Alikosa maneno tu. Shule kama hiyo isihangaike na mada nyingine kwanza. Na isiwaachie walimu wa Kiingereza peke yao: mwalimu wa Baiolojia, wa Jiografia, wa Fizikia, kila mmoja ajifunze kufundisha maneno kumi ya mada yake kabla hajafundisha mada yenyewe, na kumpa mtoto sentensi nusu aimalizie kabla hajamtaka aandike aya.

Zikikaa pamoja

| Mada | Walimu inaowagusa | Vikao | Utaiona wapi |
|---|---|---|---|
| KKK | Awali hadi la pili, na wenye watoto wasiosoma madarasa ya juu | 8 | Mtoto anasoma neno ambalo halimo kitabuni |
| Maswali ya darasani | Wote | 6 hadi 8 | Makosa ya aina moja yanapungua kwenye madaftari |
| Nidhamu | Wote | 1 cha sheria, 2 hadi 3 vya mwanzo wa kipindi | Dakika ambayo kazi ya kwanza inaanza |
| Vishikwambi | Wote | 2 | Video ya dakika tano, moduli iliyosomwa |
| Kiingereza, msingi | Walimu wa somo hilo | Nusu saa kila wiki, mwaka mzima | Maagizo yanafanana darasa hadi darasa |
| Kiingereza, sekondari | Wote | 8 na zaidi | Mtoto anajibu kwa maneno yake, hanakili swali |

Kuna mada ya sita ambayo haimo kwenye jedwali kwa sababu sitaki ishindanishwe na nyingine: watoto wenye mahitaji maalumu. Kikao kimoja kila mwaka, mwanzoni kabisa, kabla watoto hawajazoea madawati yao. Nani haoni ubao? Mwandikie maneno ukutani, msimamishe nyuma ya darasa, asome kwa jicho moja moja. Mtoto mwenye ualbino akae mbele, mgongo wake ukielekea dirishani ili mwanga usimpige machoni, na maandishi yake yawe makubwa. Mtoto anayesemwa mkaidi kwa sababu haitikii anapoitwa, mwite kwa nyuma kwa sauti ya kawaida uone kama anasikia. Haya hayahitaji mwezeshaji kutoka mjini, na kuna mtoto mmoja wa shule yetu aliyeitwa mzito wa kuelewa kwa miaka miwili, kumbe alikuwa haoni ubao.

Ukibaki na KKK na maswali mkononi, na shule nyingi za msingi zitabaki na hizo mbili, madaftari ndiyo yaamue. Yakiwa matupu, au yamejaa herufi zilizonakiliwa bila nafasi kati ya neno na neno, chukua KKK bila kujadili, hata kama walimu wa darasa la saba watanung'unika. Mtoto asiyesoma hafaidiki na swali zuri la Jiografia. Yakiwa yameandikwa vizuri lakini makosa ni ya namna moja, mtoto baada ya mtoto, chukua maswali. Na ukiona vyote viwili, gawa JzU meza mbili. Sioni ubaya wowote walimu 11 kusoma vitu viwili tofauti alasiri moja, ilimradi kila meza ina mtu wa kuiongoza.

Kuhusu barua kutoka juu. Halmashauri au kata ikileta mada, ipokee, maana mara nyingine ina sababu nzuri, kama vile mtaala mpya ulioanza kutumika. Ila uliza kama inaweza kuchukua kikao kimoja au viwili na nyingine zibaki za shule. Kenya walionja jambo hili kwa njia ngumu: Tume ya Kuajiri Walimu ilipozindua moduli za maendeleo ya walimu mwaka 2021, sita kwa miaka thelathini, kila moja miaka mitano, kelele kubwa ilikuwa kwamba mwalimu atoe shilingi 6,000 za Kenya kila mwaka kutoka mfukoni. Kelele ya fedha ilikuwa ya haki. Mimi ningeuliza na jingine: moduli moja inamfaa vipi mwalimu wa Turkana na wa Nairobi kwa wakati mmoja, kama hakuna aliyefungua madaftari ya watoto wao?

Na posho. Walimu wanapopendelea semina ya mjini kuliko JzU ya shuleni, wasilaumiwe. Nauli na posho ya siku mbili ni karo ya mtoto wa mtu. Kinachosaidia shuleni ni vitu vidogo vya heshima: chai ipatikane, kikao kianze saa nane na nusu na kiishe saa kumi kamili, na mwalimu aliyeonyesha somo asikosolewe mbele ya wote bali aambiwe na mmoja, pembeni, kitu kimoja cha kuendeleza na kimoja cha kubadili.

Sisi muhula huu tumegawa meza mbili. Walimu wa awali, la kwanza na la pili wako na sauti na silabi. Sisi wa la tatu hadi la saba tuko na maswali, mbinu mbili tu, kuinua daftari na sekunde tatu. Jumatano ya kwanza hakuna atakayesimama mbele kufundisha. Kila mmoja anakuja na madaftari matano na kosa moja alilolichagua. Lile la 52 − 27 lipo juu ya rundo tayari. Mwalimu mwenye darasa lile ameomba alifundishe upya Alhamisi, kipindi cha pili, na mimi na mwenzangu mmoja tutakuwa dawati la nyuma.